Mkalimani na Mfasiri

Mtu wa lugha moja akitaka kusikilizwa na mtu wa lugha nyingine ana njia mbili. Aweza kutafuta mkalimani, akasimama naye barazani, akatoa sentensi moja na kungoja igeuzwe kabla ya kutoa ya pili. Au aweza kuandika maneno yake yote, akampa mfasiri, na mfasiri akayageuza kuwa kitabu kisomwacho mahali ambapo mwandishi hayupo wala mfasiri hayupo. Njia ya kwanza ni nyepesi kuanza na nzito kuendelea, kwa kuwa kila siku ya baraza mkalimani hana budi kuwepo. Akiugua, baraza huvunjika. Njia ya pili ni nzito kuanza, maana hakuna cha kusoma mpaka kazi ya kufasiri imekwisha. Lakini ikisha, kitabu husafiri peke yake.

Kompyuta haisemi lugha ya binadamu yeyote. Lugha yake ni tarakimu, na kila programu iandikwayo na mtu huifikia kwa mojawapo ya njia hizo mbili. Lugha za mfasiri, kama C, C++, Go na Rust, hugeuzwa zote kuwa amri za mashine kabla ya siku ya kutumika. Lugha za mkalimani, kama lugha ya sheli, Perl na Python, hubaki kama zilivyoandikwa, na programu nyingine husimama kati yao na mashine, ikizieleza upya kila zinapoitwa. Wataalamu watasema kuwa mpaka huu haukunyooka, nao wana haki: Python huyageuza kwanza maandishi yake kuwa lugha ya kati kabla mkalimani hajaanza kazi, na baadhi ya wakalimani wa siku hizi hufasiri vipande vipande wakiwa njiani. Walakini kwa mtu achaguaye chombo, swali hubaki lile lile: siku ya kazi, je, mkalimani lazima awepo?

Swali hilo ni zito zaidi katika kundi moja la programu, nalo ni zana za mfumo. Hizi ni programu ambazo mtumiaji wa kawaida hazijui hata kwa majina. Huamsha mashine, hupanga faili, hufungua na kufunga milango ya mtandao, hukagua maneno ya siri, huweka programu mpya na kuondoa za zamani. Mchezo ukiharibika, mchezaji hukasirika. Zana ya mfumo ikiharibika, hakuna mchezo, hakuna barua, hakuna hesabu za benki, na aghalabu hakuna njia ya kuitengeneza ila kwa zana nyingine ya mfumo.

Suala hili lilizuka mapema katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, nchini Marekani. Mwaka 1969 Ken Thompson alianza kuandika mfumo uliokuja kuitwa Unix kwa mashine ya PDP-7, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa maneno elfu 8 tu, kila neno la biti 18. Mfumo wenyewe aliuandika kwa lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine. Kisha akatunga lugha iliyo juu kidogo, akaiita B, akiitoa katika BCPL ya Mwingereza Martin Richards. B ilisimama katikati ya njia. Programu zake hazikugeuzwa kuwa amri za mashine, bali ziligeuzwa kuwa safu ya anwani, na vipande vidogo vya programu vikapita katika safu hiyo vikitenda kazi ya mkalimani. Iliandikika kwa raha. Lakini mwendo wake ulikuwa wa polepole hata hapana aliyefikiri kuuandika mfumo wenyewe kwa lugha hiyo. Mwaka 1971 Dennis Ritchie, mwenzi wa Thompson, alianza kuipanua B na kuiandikia mfasiri wa kweli, atoaye amri za mashine mpya ya PDP-11. Mabadiliko yakawa mengi, lugha ikastahili jina lake yenyewe, ikaitwa C. Na katika kiangazi cha mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mfasiri juu ya mkalimani. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Watu wale wale, katika vyumba vile vile, hawakumfukuza mkalimani, bali walimpa mlango wa nyumba aulinde. Sheli, yaani ganda lililozunguka kiini cha mfumo, ni mkalimani: hupokea amri za mtumiaji mstari baada ya mstari na kuzitimiza hapo hapo. Mwaka 1977 Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan walitunga awk, lugha ndogo ya kuchambua mistari ya maandishi, nayo ilikuwa ya mkalimani; na mwaka 1979 sheli ya Stephen Bourne ilitoka pamoja na toleo la 7 la Unix. Zana ndogo ndogo, kama ile ya kupanga mistari au ile ya kutafuta neno, ziliandikwa kwa C, na uzi wa kuziunganisha ukawa wa mkalimani. Kazi irudiwayo mara elfu ilipewa mfasiri. Kazi ibadilikayo kila siku ilipewa mkalimani. Ni vigumu kutaja mgawanyo wa kazi katika fani hii uliodumu kuliko huo.

Faida ya mkalimani ilipata shahidi mwingine huko Amsterdam, Uholanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Guido van Rossum alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya CWI, karibu na mfumo uitwao Amoeba. Mfumo huo ulihitaji zana za kuusimamia. Kuziandika kwa C kulikula siku nyingi kuliko kazi yenyewe ilivyostahili. Sheli ya Bourne nayo haikuweza kuzifikia vizuri huduma za Amoeba, kwa sababu mfumo huo ulikuwa na njia zake wenyewe za kuitwa. Kati ya lugha hizo mbili palikuwa na pengo. Desemba 1989 van Rossum alianza kuliziba, na Februari 1991 Python ikatolewa kwa watu. Marekani, Larry Wall alikuwa amekwisha kuziba pengo la namna hiyo kwa Perl, mwaka 1987. Siku hizi Python hufundishwa shuleni na kutumiwa na wanasayansi, na wengi hudhani ilizaliwa huko. Haikuzaliwa huko. Ilizaliwa na uchovu wa watu waliotakiwa kutunza mifumo.

Mtu aliyechoka ana haki ya kutiwa katika hesabu hii. Msimamizi wa mashine huamshwa saa nane za usiku, akaambiwa kuwa diski imejaa na kazi zimesimama. Faili ziko maelfu, na mojawapo ndiyo mkosaji. Kwa lugha ya mkalimani huandika mistari sita, huijaribu, huona kosa, huirekebisha, huijaribu tena, na kabla ya alfajiri amekwisha. Hakulazimika kutangaza aina ya kila kitu, wala kupima kumbukumbu kwa mkono, wala kumngoja mfasiri. Kesho yake mwenziwe akija huikuta mistari ile sita pale pale ilipoachwa, akaisoma, akajua usiku ulikuwa na nini. Hati na maelezo yake ni kitu kimoja. Programu iliyofasiriwa haina ukarimu huo: aifunguaye hukuta tarakimu, na maandishi ya asili yako kwingine, yamkini katika mashine ya mtu aliyekwisha kuhama kazi. Ni kweli kwamba wako waandishi wa Perl waliofaulu kuficha maana mchana kweupe. Lakini huo ni ufundi wao, si sheria ya lugha.

Basi kwa nini kila zana isiandikwe kwa lugha ya mkalimani? Jibu la haraka ni mwendo. Mkalimani wa Python, kwa kuamka tu kabla hajatenda neno, huchukua kwa kawaida sehemu 20 au zaidi za elfu ya sekunde, ambapo programu ndogo ya C huchukua sehemu moja au mbili. Jibu hilo ni sahihi, lakini si zito kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa mtu aitaye zana mara moja kwa saa hataona tofauti maisha yake yote. Jibu lililo zito ni jingine, na mwalimu wake ni zana iitwayo yum.

Yum ilitumika kwa miaka mingi katika mifumo ya Red Hat, Fedora na CentOS kwa kuweka na kuondoa vifurushi vya programu. Iliandikwa kwa Python, na kwa sababu njema. Kupanga vifurushi ni kazi ya mantiki nyingi: hiki chataka kile, kile chakikataa hiki, na cha tatu hakikubali kuwekwa ila cha nne kimetangulia. Python hueleza mambo ya namna hiyo kwa uwazi ambao C haiufikii. Lakini Python nayo ilikuwa kifurushi. Mtumiaji aliyetaka Python mpya kwa masomo au kwa kazi yake aliiweka mahali pa ile ya zamani, na mara yum ikakataa kuamka, ikilalamika kuwa haizioni sehemu zake yenyewe. Akataka kuirudisha Python ya zamani; chombo cha kuirudishia kilikuwa yum. Mganga hajigangi. Wengi walitumbukia katika shimo hilo, na waliotoka walitoka kwa kubeba faili kwa mkono kutoka mashine nyingine iliyo nzima.

Mkasa huo haukuwa aibu ya Python kama lugha. Kila lugha iliyo hai hubadilika. Python 3, iliyotolewa Desemba 2008, iliacha kwa makusudi mambo ambayo toleo la 2 liliyaruhusu, hata amri ya kuchapisha mstari ikataka mabano. Mwandishi wa mchezo hupanga siku yake ya kuhama. Zana ya mfumo haina uhuru huo, kwa sababu hushiriki mkalimani mmoja na watumiaji wote wa mashine, na kila mtumiaji ana haki ya kutaka mkalimani mpya. Red Hat walilikubali jambo hili kwa vitendo. Katika toleo la 8, la mwaka 2019, waliweka mkalimani wa Python wa zana za mfumo peke yake, mbali na njia wapitazo watumiaji, na amri ya kawaida ya kuita Python haikuwepo mpaka mtu aiweke mwenyewe. Ni kama nyumba iliyochimba kisima ndani ya ua baada ya kisima cha mtaa kutibuliwa mara nyingi. Fedora ilikwenda mbali zaidi. Yum ilikuwa imekwisha kuipisha dnf mwaka 2015, nayo dnf ilikuwa ya Python. Lakini toleo la 41, la Oktoba 2024, lilileta dnf5, iliyoandikwa kwa C++.

Hapa ndipo penye kiini cha uchaguzi. Mkalimani yeyote, ukimchunguza, ni programu iliyofasiriwa: bash imeandikwa kwa C, Perl imeandikwa kwa C, na mkalimani wa Python atumiwaye na wengi ameandikwa kwa C. Hati huegemea mkalimani. Mkalimani huegemea amri za mashine. Na maktaba za chini huegemewa na wote. Kwa hiyo si haki kuuliza lugha ipi ni bora, kama mtu aulizaye ikiwa paa ni bora kuliko msingi. Lililo haki ni kuuliza zana hii itaitwa wakati nini kimekwisha kuvunjika. Zana itakayoitwa kuitengeneza Python isiegemee Python. Zana itakayoitwa wakati maktaba zimeharibika yafaa ibebe maktaba zake tumboni. Bruce Perens alilielewa hilo mwaka 1995 alipoandika BusyBox ili mfumo mzima wa uokozi wa Debian utoshe katika diski moja laini: zana nyingi katika faili moja iliyofasiriwa. Leo ndani ya faili hiyo mna sheli pia, yaani mkalimani aliyehifadhiwa ndani ya kitabu cha mfasiri.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba walioanza na hati walipoteza wakati. Dpkg, ambayo ndiyo zana ya vifurushi ya Debian, ilianzwa na Ian Murdock Januari 1994 ikiwa hati ya sheli. Ikaandikwa upya kwa Perl na Murdock, Matt Welsh na Carl Streeter. Kisha sehemu yake kuu ikaandikwa kwa C na Ian Jackson, mwaka ule ule. Mara tatu katika mwaka mmoja! Asiyejua kazi hii ataona fujo. Lakini wakati hati ya kwanza ilipoandikwa hapakuwa na mtu aliyejua hasa kifurushi cha Debian ni kitu gani, na hati ndiyo iliyokuwa mahali pa kujua. Git, iliyoanzwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ina historia inayofanana na hiyo: moyo wake ulikuwa wa C tangu mwanzo, lakini amri zake nyingi zilikuwa hati za sheli na za Perl, na zimekuwa zikihamishwa moja moja kwenda C kadiri umbo lake lilivyotulia. Amri ya kuhamisha msingi wa tawi, ambayo ni miongoni mwa zilizo ngumu, ilihamishwa mwaka 2018. Wenye Windows walinufaika zaidi, kwa kuwa katika mfumo huo kuanzisha kazi mpya ni ghali, na hati ya sheli huanzisha kazi mpya karibu kila mstari.

Mwendo, uliosemwa kuwa si mzito, huwa mzito mahali pamoja, napo ni katika kuamka kwa mashine. Kwa miaka mingi mifumo ya Linux iliamshwa na hati za sheli, moja baada ya moja. Ubuntu, katika toleo lake la Oktoba 2006, ilijaribu kuharakisha mambo bila kuziacha hati: ilimwondoa bash katika kiti cha sheli ya mfumo, ikamkalisha dash, mkalimani mdogo na mwepesi zaidi. Hati nyingi zilianguka siku hiyo, maana waandishi wao walikuwa wamezoea maneno ya bash yasiyo katika lugha ya sheli iliyokubaliwa na wote. Mkalimani mpya hakuyajua. Debian ilifuata njia hiyo katika toleo la 6, la Februari 2011.

Lennart Poettering hakuridhika na mkalimani mwepesi. Aprili 2010 alitangaza systemd, mfumo wa kuamsha ulioandikwa kwa C, na katika maelezo yake alihesabu hati za mashine yake mwenyewe: ziliita grep mara 77, awk mara 92, cut mara 23 na sed mara 74. Kila wito ulikuwa kazi mpya ya kuanzishwa, kutafutiwa maktaba, kuchambua herufi chache na kufa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu na haikupata jibu lililotosha. Baada ya miaka michache mifumo mingi mikubwa ya Linux ilikuwa imehamia systemd, na Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian iliichagua nayo.

Lakini palikuwa na kilio, na kilio hicho hakikuwa cha wavivu peke yao. Msimamizi wa zamani aliyetaka kujua kwa nini seva yake haiamki alifungua hati, akaisoma kuanzia mstari wa kwanza, akaongeza neno moja la kuchapisha, akajua. Sasa alipewa faili fupi ya maagizo, safi na rahisi, ambayo maana yake imo ndani ya programu ya C asiyoweza kuigusa usiku huo. Maagizo hayo yakitosha, kazi yake imekuwa nyepesi kuliko ya baba zake. Yasipotosha, yuko nje ya mlango uliofungwa. Ian Jackson, yule yule aliyeipeleka dpkg katika C, alipendekeza mwaka 2014 kwamba programu za Debian zisilazimishwe kutegemea mfumo mmoja wa kuamsha. Wapiga kura waliamua kuwa azimio la namna hiyo halihitajiki, naye akajiuzulu katika kamati ya ufundi mwezi Novemba. Mwezi huo huo kundi jingine lilitangaza kujitenga na kuunda mfumo wao, Devuan, usio na systemd. Watu hawavunji ushirika wa miaka mingi kwa sababu ya sehemu za sekunde. Waliona kuwa uwezo wa kusoma na kurekebisha mashine yao wenyewe umehamishwa, na kwamba hawakuulizwa vya kutosha. Haidhuru kama mtu awapa haki au awanyima. Kilio chao kinaonyesha kuwa lugha ya zana huamua pia nani ataweza kuitengeneza.

Jambo la uaminifu hukaa karibu na hilo. Ken Thompson, katika hotuba ya nishani ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984, alieleza jinsi mfasiri aweza kufundishwa udanganyifu: aitambue programu ya kuingilia katika mfumo na kuitia mlango wa siri, kisha ajitambue yeye mwenyewe anapofasiriwa upya na kuurudisha udanganyifu huo, hata katika maandishi ya asili pasionekane alama. Kwa muda mrefu hotuba hiyo ilisomwa kama fumbo la mwanazuoni. Machi 2024 pakatokea jambo lililofanana nalo kwa sura nyingine. Katika maktaba ya xz, itumiwayo kubana faili, palifichwa mlango wa siri ambao kazi yake ilikuwa kuingia katika zana ya kuunganisha mashine kwa mbali. Sehemu zake zilikuwa zimejificha katika faili za majaribio zisizosomeka, na hati ya kuziamsha haikuwemo katika hazina ya maandishi bali katika furushi lililotolewa kwa watu. Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia katika mashine kulichelewa kwa karibu nusu ya sekunde kuliko kawaida. Kati ya maandishi na kitu kilichofasiriwa pana umbali, na katika umbali huo mtu mbaya aweza kukaa. Hati ya mkalimani haina umbali huo; kinachosomwa ndicho kitendwacho, maadamu mkalimani mwenyewe ni mwaminifu.

Kwa upande wa ulinzi, mwaka 2014 uliwatia aibu wote wawili. Mwezi Aprili ilifichuliwa dosari iliyoitwa Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, iliyoandikwa kwa C: programu iliamini urefu iliotajiwa na mgeni bila kuupima, ikamrudishia mpaka kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, na ndani yake yaweza kuwamo maneno ya siri. Kosa la namna hiyo haliwezekani kwa urahisi katika hati ya Python, kwa kuwa mkalimani huilinda mipaka ya kila kitu. Mwezi Septemba ikafichuliwa Shellshock, katika bash. Hapo mkalimani alipopokea maelezo yaliyotoka kwa mgeni aliyasoma mpaka mwisho na kuendelea, akiyatii maneno ya ziada kana kwamba ni amri za mwenye nyumba. Na dosari hiyo ilikuwemo tangu mwaka 1989. Mmoja alisahau kupima, wa pili alitii kupita kiasi. Kiini cha Linux kwa muda mrefu kimekuwa na shaka na huyu wa pili: programu iliyofasiriwa yaweza kupewa alama ya kufanya kazi kwa mamlaka ya mwenyewe, lakini alama hiyo ikiwekwa juu ya hati hupuuzwa. Sababu ni ya wazi. Kiini hufungua hati, husoma jina la mkalimani, humwita. Naye huifungua hati ile mara ya pili, na katikati ya kufungua huko mara mbili mwizi aweza kubadilisha faili. Ndiyo maana sudo, zana ya kuazima mamlaka, haikuwa hati hata siku moja. Katika Ubuntu ya Oktoba 2025 sudo ya C iliachia nafasi yake kwa ile iliyoandikwa kwa Rust, lugha ya mfasiri ambaye hukagua matumizi ya kumbukumbu kabla ya kukubali kufasiri.

Wahenga husema mchagua jembe si mkulima, na ziko jioni nyingi katika vyumba vya wanafunzi wa kompyuta ambazo methali hiyo ingezifupisha. Walakini jembe la mfumo hulimiwa na mtu mwingine, katika mwaka mwingine, juu ya udongo ambao mwenye kulichagua hakuuona. Mwanafunzi aandikaye zana ya kupanga nakala za akiba za idara yake, itakayoitwa mara moja kwa usiku na kurekebishwa na kila ajaye baada yake, atende kama msimamizi wa saa nane: aandike kwa sheli au Python, wala asitishwe na wenye saa za kupimia. Aandikaye zana itakayorudisha nakala hizo katika mashine isiyoamka, aifasiri, aiwekee tumboni kila inachohitaji, na aijaribu katika mashine tupu.

Zana za mtu wa kwanza na za wa pili hukutana kila siku katika Debian. Dpkg, iliyo ya C tangu mwaka 1994, hufungua kifurushi, huzipanga faili zake mahali pake na kuandika daftari. Kisha, kwa vifurushi vinavyohitaji kupokelewa kwa namna ya pekee, huita hati fupi iliyoandikwa na mtunzaji wa kifurushi, na mstari wa kwanza wa hati hiyo aghalabu huitaja sheli.